Maswali ya Wasomaji: Umeme Hafifu Kichwani na Nguvu ya Kujizuia

Tangu tuandike juu ya kuusisimua ubongo kwa umeme hafifu, barua zimekuwa zikiingia kila siku. Kwa aliyeikosa makala ile: ni njia ya kupitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye ngozi ya kichwa, bila upasuaji wala sindano, ukilenga sehemu ya mbele ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia, yaani kuacha jambo ambalo mkono au mdomo umeshaanza kulikimbilia. Mkondo ukielekea upande mmoja tu wataalamu huiita tDCS; ukibadili mwelekeo kwa mdundo maalumu huiita tACS. Barua zenye maswali yanayofanana tumezijibu kwa pamoja.

Swali: Habari za kazi, wahariri. Nasoma chuo hapa Dodoma. Mwenzangu bwenini ameona video mtandaoni akatengeneza kifaa chake kwa betri ya volti 9, waya mbili na vipande vya sponji ya kuoshea vyombo. Anasema ukikivaa dakika ishirini unakaa na kitabu bila kugusa simu. Nami nimevutiwa. Betri ndogo hivyo inaweza kumdhuru mtu kweli?

Jibu: Inaweza, ndugu yetu, na udogo wa betri hausaidii kitu. Kinachougusa ubongo ni mkondo, na betri haina namna ya kuusimamia mkondo. Maabara hutumia miliampea 1 hadi 2. Betri ya mwenzako inatoa volti 9 tu, kisha mkondo unaamuliwa na ukinzani wa ngozi yake, yaani jinsi inavyouzuia umeme (hupimwa kwa omu), ambao hautulii hata dakika tano.

Fanya naye hesabu hii. Anapoanza, ngozi ni kavu na ina mafuta ya kupaka. Ukinzani ukiwa omu 20,000, volti 9 zinampa miliampea 0.45. Hasikii kitu, anadhani kifaa hakifanyi kazi, anaongeza maji ya chumvi. Ukinzani unashuka hadi omu 5,000 na mkondo unafika 1.8. Ngozi inaendelea kulowa, na umeme wenyewe unazidi kuilegeza. Ukinzani ukifika omu 2,000, kichwani mwake zinapita miliampea 4.5, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida cha maabara, na yeye hajagusa chochote. Kifaa halisi hupima ukinzani muda wote, hupandisha na kushusha volti ili mkondo ubaki palepale, na hujikata hali ikiharibika. Kuna wanaoongeza rezista, kipande cha kuuzuia umeme, kwenye waya wakidhani wamemaliza. Rezista huweka dari ya mkondo, lakini haiushiki mahali pamoja, haiupandishi polepole, wala haijui sponji imekauka upande mmoja.

La pili ni ngozi. Umeme unaokwenda upande mmoja kwa muda mrefu huyachambua maji ya chumvi pale yanapokutana na chuma: upande wa anodi (waya chanya) hujaa asidi, upande wa kathodi (waya hasi) hujaa alkali. Unene wa sponji ndio unaozuia kemikali hizo zisifike kwenye ngozi. Sponji ya vyombo iliyokatwa kwa mkasi, waya umetokeza ncha upande mmoja, inatosha kuacha jeraha la duara kwenye paji la uso. Huenda asisikie maumivu makali wakati linatokea, maana linajengeka taratibu huku ngozi imeshazoea kuwasha. Kwa ngozi yetu nyeusi, doa la jeraha dogo kama hilo linaweza kukaa miezi mingi.

La tatu ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu halionekani. Mwenzako anaamini waya nyekundu (anodi) ni kuongeza nguvu ya ubongo na nyeusi (kathodi) ni kuipunguza, basi. Mwaka 2013 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba kathodi kwa miliampea 1 ilipunguza msisimko wa eneo la ubongo linaloongoza misuli, kama ilivyotarajiwa. Lakini miliampea 2 kwa dakika 20 ziliugeuza mwelekeo na kuuongeza. Nguvu ikizidi matokeo yanaweza kupinduka. Mwaka huo huo, kule Oxford, watu walisisimuliwa huku wakijifunza alama mpya za tarakimu: sehemu moja ya ubongo iliposisimuliwa walijifunza haraka zaidi, lakini uwezo wa kuzitumia alama hizo bila kufikiri ukapungua. Mwenzako hana kipimo cha kumwonyesha amepata nini na amepoteza nini. Mwaka 2016 watafiti 39 waliandika barua ya wazi katika jarida la Annals of Neurology wakiwaonya wanaojifanyia nyumbani, na hoja zao zilikuwa za namna hii: umeme hauishii chini ya elektrodi (kile kipande kinachogusa kichwa), na watu hawaitikii sawa.

Na kama siku moja ataamua kuibadilisha betri kwa chaja ya simu, mkataze kwa nguvu zako zote. Chaja mbovu inaweza kuvujisha umeme wa ukutani, volti 230, na huyo mtu ameshajifunga waya zilizolowa kichwani.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi, Mombasa. Fuvu ni mfupa mgumu. Umeme huo unafika kwenye ubongo kweli, au ni biashara ya matumaini? Na una tofauti gani na ule wa hospitali za magonjwa ya akili?

Jibu: Unafika, ila kidogo sana, mwalimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha pia vipimo kwenye miili ya marehemu, ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya mkondo hupotelea kwenye ngozi, nyama na fuvu. Kwa wagonjwa waliokuwa tayari na elektrodi ndani ya ubongo kwa ajili ya upasuaji wa kifafa, miliampea 2 zilizowekwa nje zilizaa uga wa umeme ambao hata pale penye nguvu zaidi haukufika volti 1 kwa mita.

Uga wa kiasi hicho husogeza volteji ya seli ya neva kwa sehemu ndogo tu ya milivolti moja. Seli iliyotulia ipo karibu na milivolti hasi 70 na inahitaji kupanda kama 15 hivi ili irushe ishara. Kwa hiyo umeme huu hauwezi kuiamsha seli iliyolala. Unachoweza ni kuielemea kidogo ile ambayo tayari ipo karibu kurusha, na wingi wa seli za namna hiyo ndio unaoleta tofauti inayoweza kupimwa. Hili likieleweka, mengi katika fani hii yanaeleweka. Mtu akikaa ameduwaa na elektrodi kichwani, hakuna kazi ya kujizuia inayoendelea kwa umeme kuiegemea. Anayefanya zoezi la kujizuia wakati uleule ana mtandao ulio kazini, na huo ndio unaoweza kusukumwa.

Ule wa hospitali, ECT, ni kitu kingine kabisa. Hutumia mapigo ya takriban miliampea 800 hadi 900 kwa sekunde chache, mgonjwa amepewa dawa ya usingizi, na lengo ni kuleta degedege la makusudi. Ni tiba halali ya sonona kali. Hapa tunazungumzia mkondo mdogo mara mia kadhaa, mtu akiwa macho na anaongea.

Kuhusu ushahidi, tuseme bila kupamba. Mwaka 2000 Nitsche na Paulus wa Göttingen walithibitisha kwamba mkondo wa miliampea 1 hubadili msisimko wa eneo la misuli, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba dakika 9 hadi 13 huacha athari inayoweza kudumu hadi saa moja na nusu. Hapo pana msingi imara. Ukihama kutoka kwenye misuli kwenda kwenye tabia, ardhi inalegea. Mwaka 2011 watafiti wa Israeli waliweka anodi upande wa kulia wa mbele na watu wakawa wepesi zaidi kusitisha kitendo. Mwaka 2015 Jared Horvath na wenzake, Australia, walikusanya tafiti za kipindi kimoja kwa watu wazima wenye afya, wakasema hawaoni athari ya kutegemewa katika fikra. Wengine walimpinga kwamba alichanganya tafiti zisizolingana, na pingamizi lao lina uzito. Hata hivyo, ambaye angeahidi leo kwamba kipindi kimoja kitakuongezea nidhamu, anaahidi kisichoonyeshwa.

Jambo linalotupa moyo ni la mwaka 2017. Robert Reinhart wa Chuo Kikuu cha Boston alitumia mkondo wa kupishana wa mizunguko 6 kwa sekunde kwenye sehemu mbili za mbele ya ubongo kwa pamoja. Midundo ya sehemu hizo ilipolandanishwa, watu walirekebisha makosa yao vizuri zaidi. Ilipopishanishwa makusudi, walivurugika, na kulandanisha upya kukawarudisha. Tunalipenda jaribio hili kwa kuwa limeonyesha pande zote mbili: mlango wa kuboresha ni uleule wa kuharibu.

Swali: Shikamooni. Naandaa utafiti wa uzamili wa saikolojia, Nairobi. Idara imepata kifaa cha tDCS na nataka kupima uwezo wa kusitisha kitendo. Naomba hatua kwa hatua, hasa sehemu ambazo wanafunzi huharibu.

Jibu: Marahaba. Hongera kwa kuuliza kabla ya kuanza.

Anza na kibali cha kamati ya maadili, kisha fomu ya mchujo. Usimpokee mwenye kifafa au historia ya degedege, chuma ndani ya kichwa, kidhibiti mapigo ya moyo, tundu la upasuaji kwenye fuvu, wala kidonda au ugonjwa wa ngozi mahali pa elektrodi. Wajawazito kwa kawaida huachwa nje ya tafiti. Uliza dawa zote, na uliza pia sigara.

Vifaa: sponji mbili za sentimita 5 kwa 7, elektrodi za mpira wa kaboni, mikanda, sindano ya kunyonyea isiyo na ncha, na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale ya dripu. Kila sponji ipate mililita 6 hivi kila upande. Sponji iwe na unyevu wote sawasawa lakini ukiiinua isidondoshe. Maji ya bomba yana chumvi kidogo mno. Ukinzani unapanda na umeme unajikusanya sehemu chache zilizolowa vizuri. Maji yakizidi nayo yanatiririka kwenye nywele, sponji moja inaungana na nyingine, na mkondo unapita juu ya ngozi bila kuugusa ubongo. Hili la pili ni kosa la wanafunzi wengi, tena halitoi dalili: kifaa kinaonyesha ukinzani mzuri kabisa.

Kupima kichwa kusifanywe kwa macho. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima kutoka kibonde cha juu ya pua, katikati ya macho, hadi kinundu cha kisogo. Tuseme umepata sentimita 36. Asilimia 10 kutoka mbele, yaani sentimita 3.6, ni Fpz (herufi kama hizi ni majina tu ya sehemu za kichwani). Asilimia 30, sentimita 10.8, ni Fz. Nusu, sentimita 18, ni Cz, na hiyo ihakikishe kwa kupima tena kutoka sikio hadi sikio. Mistari miwili ikutane hapo. Kisha zungusha utepe kichwani kwa usawa wa Fpz. Mzunguko ukiwa sentimita 56, F7 ipo asilimia 15 kushoto kwa Fpz, yaani sentimita 8.4, na F8 vivyo hivyo kulia. F3, eneo linalotumika sana kwa kumbukumbu ya kazi (kushikilia jambo akilini kwa muda mfupi) na kujidhibiti kwa jumla, ipo katikati ya Fz na F7. Wewe unataka kusitisha kitendo, kwa hiyo eneo lako ni la kulia: pale mstari wa T4 kwenda Fz unapokatana na ule wa F8 kwenda Cz. T4 ipo juu ya sikio la kulia, asilimia 10 ya urefu wa sikio hadi sikio. Elektrodi ya pili weka juu ya jicho la kushoto.

Pangusa ngozi kwa spiriti kuondoa mafuta, acha ikauke, usisugue hadi ichubuke. Funga mikanda, soma ukinzani. Uwe chini ya omu 10,000, na ukiwa chini ya 5,000 ni vizuri zaidi. Ukigoma kushuka, fungua nywele upya chini ya sponji na uongeze mililita moja. Usikimbilie kuanza ukitumaini utashuka wenyewe. Panda hadi miliampea 2 kwa sekunde 30, kaa dakika 20, shuka kwa sekunde 30. Kwa sponji ya sentimita za mraba 35 msongamano ni miliampea 0.057 kwa kila moja, na chaji yote, yaani jumla ya umeme uliopita, ni kulombi 2.4. Mapitio ya usalama ya mwaka 2016, yenye vipindi zaidi ya 33,000, hayakukuta madhara makubwa kwa mkondo usiozidi miliampea 4, dakika zisizozidi 40 na chaji isiyozidi kulombi 7.2. Hizo ni takwimu za vifaa halisi na watu waliochujwa, tunalisisitiza hilo kwa ajili ya msomaji wetu wa Dodoma.

Mwambie mshiriki atasikia kuwasha au kuchomachoma mwanzoni. Kukiendelea kuuma mahali padogo kama ncha ya kidole, simamisha kwa kushusha polepole na uangalie: karibu kila mara sponji imekauka kona moja au mpira umeteleza. Usichomoe waya mkondo ukiwa juu. Mtu ataona mwanga wa ghafla machoni na atashtuka.

Sasa zoezi. Mshale unaonyesha kushoto au kulia, mshiriki anabonyeza haraka. Katika robo ya mizunguko inalia sauti ya kumwambia asibonyeze. Anza na ucheleweshaji wa milisekunde 200 au 250 kati ya mshale na sauti. Akifaulu kujizuia, ongeza 50. Akishindwa, punguza 50. Atatulia karibu na nusu kwa nusu. Uwe na sauti za kusitisha zisizopungua 50 kwa kila mtu. Muda wa kusitisha kwa watu wazima wenye afya mara nyingi huangukia milisekunde 200 hadi 250. Kinachoharibu data ni mshiriki anayevizia, anayechelewa kubonyeza akisubiri kusikia sauti. Mwambie mapema kwamba kushindwa nusu ya mara ndivyo ilivyopangwa, na mkumbushe kasi kila baada ya mapumziko. Ukilinganisha umeme wa kweli na wa bandia bila kuangalia kasi ya kawaida ya kubonyeza, hujui umepima kujizuia au kuvizia.

Umeme wa bandia, yaani wa kulinganishia tu, hupanda sekunde 30 kisha hushuka, ili mshiriki adhani ni wa kweli. Kwa miliampea 2 wengi hukisia ni upi, na wekundu wa ngozi humtonya hata mtafiti, basi anayepima asiwe yule anayefungua mikanda. Mwishoni muulize kila mshiriki akisie, na uandike majibu yao kwenye tasnifu. Mtu yuleyule akirudi kwa kipindi cha pili, mpe pengo la siku kadhaa. Wiki moja inatosha. Na tafadhali usiridhike na watu kumi na watano. Vikundi vidogo ndivyo vilivyoijaza fani hii matokeo yasiyorudiwa.

Swali: Mimi nasuka nywele muda wote, na dada yangu anavaa hijabu. Tunaweza kushiriki utafiti kama huo?

Jibu: Mnaweza, dada, mkipanga mapema. Rasta za kuongezea na wivingi huinua sponji isiguse ngozi, na mafuta au jeli huzuia umeme. Njoo umesuka mistari ya twende kilioni, njia za ngozi zikiwa wazi na kichwa kimeoshwa bila kupakwa kitu. Vizuri zaidi, maabara ikupime kwanza na ikuambie njia zipite wapi. Mbinu hii ina mwanzilishi wake: Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi Carnegie Mellon kule Pittsburgh, alibuni elektrodi za kupima mawimbi ya ubongo zinazobanwa kati ya mistari ya nywele iliyosukwa kufuata vipimo vya kichwa, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2020. Ilikuwa imechelewa mno. Kwa miaka mingi watu wenye nywele kama zetu waliachwa nje ya tafiti kimyakimya. Kwa dada yako, ana haki ya chumba chenye pazia, mhudumu mwanamke na kioo cha kujistiri upya kabla ya kutoka. Aulize hayo kwa simu kabla ya siku yenyewe.

Swali: Mwanangu wa miaka kumi hatulii, shuleni wanasema ni ADHD, tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Nimesoma kwamba umeme huu unasaidia bila dawa. Nifanye nini? Mama wa Morogoro.

Jibu: Mama, kwa mtoto wako jibu letu ni hapana kwa sasa. London, wavulana 50 wa miaka 10 hadi 18 wenye hali hiyo walipewa vipindi 15 pamoja na mazoezi ya akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliopata umeme wa kweli hawakuwazidi waliopata wa bandia, na walikuwa na malalamiko zaidi ya usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Fuvu la mtoto ni jembamba na ubongo wake bado unajijenga, kwa hiyo vipimo vya mtu mzima haviwezi kuhamishwa tu.

Kwa watu wazima wenye hali hiyo habari ni nzuri kidogo. Porto Alegre, Brazili, watu 64 walitibiwa wakiwa nyumbani chini ya usimamizi: miliampea 2, dakika 30 kila siku kwa wiki nne, anodi F4, mbele kulia, na kathodi F3, mbele kushoto. Umakini wao uliongezeka kuliko wa kundi la bandia, kama ilivyochapishwa mwaka 2022. Ni utafiti mmoja, na ni wa watu wazima. Mtoto mpeleke kwanza apimwe macho, masikio na usingizi, kisha aonwe na daktari wa watoto. Lebo ya shuleni haitoshi kuanzia tiba yoyote.

Swali: Nataka kuacha sigara, na mdogo wangu kubeti kumemmaliza, mshahara wote unaishia kwenye mikeka. Umeme huu utatusaidia?

Jibu: Kwa sigara kuna kitu cha karibu kilichokubaliwa rasmi, ila kinatumia sumaku. Kinaitwa TMS, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikiidhinisha kwa kuacha sigara mwaka 2020. Katika jaribio la watu 262, kufikia wiki ya 18 walioacha mfululizo walikuwa asilimia 19.4 kwa waliotibiwa kweli na 8.7 kwa bandia. Faida ipo, ingawa wengi walikuwa bado wanavuta. Zingatia namna walivyotibiwa: kabla ya kila kipindi hamu ya sigara iliamshwa kwanza, kisha ndipo sumaku ikawashwa. Ni kanuni ileile tuliyompa mwalimu wa Mombasa. Kwa tDCS zipo tafiti zinazoonyesha hamu ya sigara, pombe au chakula ikipungua kwa muda mfupi; kupungua hamu mchana mmoja si sawa na kuacha.

Kwa kubeti, kuna jaribio la Boston la mwaka 2007 ambapo watu waliosisimuliwa pande zote mbili za mbele walipunguza kubahatisha katika mchezo wa kupuliza puto kwenye kompyuta. Puto la maabara haliondoki na mshahara wa mtu, na hatuwezi kukwambia limetibu uraibu. Kwa mdogo wako, linalofanya kazi leo ni kumwongezea umbali na kishawishi: mshahara uingie akaunti isiyounganishwa na simu, namba yake ifungiwe na kampuni za kubeti kwa ombi lake mwenyewe, na apate mshauri nasaha. Mkiwa karibu na kliniki ya uraibu, anzieni hapo.

Swali: Natumia carbamazepine. Kuna ubaya nikishiriki utafiti?

Jibu: Kama unaitumia kwa kifafa, usishiriki. Kama ni kwa maumivu ya neva, dawa hiyo hufunga njia za sodiamu kwenye seli na imeonekana kufuta athari ya anodi, hivyo utakaa bure. Baadhi ya dawa za sonona, mfano citalopram, hufanya kinyume: huongeza athari ya anodi na kuigeuza ya kathodi. Dextromethorphan, iliyomo kwenye dawa nyingi za kikohozi, huzima athari inayobaki baada ya kipindi. Usiache dawa yoyote ili ushiriki.

Swali: Niko Muscat. Nimeona kifaa cha kuvaa kichwani kinauzwa Ulaya. Nikinunue nimtumie kaka yangu Tanga?

Jibu: Angalia kwanza kimeidhinishwa kwa kazi gani. Vifaa vya nyumbani vyenye alama ya CE, ya kuruhusiwa kuuzwa Ulaya, vipo hasa kwa ajili ya sonona, si kwa kuongeza nidhamu, na hata kwa sonona majaribio yamegongana: la Brazili lililochapishwa mwaka 2023 halikuona faida nyumbani, la Uingereza na Marekani la mwaka 2024 liliiona. Kama kaka yako amewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopitiliza, kulala kidogo na kutumia fedha ovyo, kifaa kama hiki kimewahi kuripotiwa kuvirudisha. Daktari wake ajue kabla. Kuhusu kuingiza kifaa tiba nchini, aulize TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, maana mzigo unaweza kuzuiwa forodhani.

Akikipata kwa njia halali na chini ya daktari, kiwe kinaonyesha ukinzani, kinapanda na kushuka polepole, na kisikubali kufanya kazi kikiwa kimechomekwa kwenye chaja. Sponji zibadilishwe zikianza kuwa ngumu au kubadilika rangi. Wekundu baada ya kipindi ni wa kawaida na huondoka ndani ya saa chache. Ukikutwa bado upo kesho yake, au pana lengelenge, asirudie mahali hapo mpaka ngozi ipone kabisa na sponji zikaguliwe.